Radhi ya Bi Kafedha

Jerioth alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomzidishia aibu baadaye.

Alitoka Murang'a kuja Mombasa kufanya kazi na shirika linalosaidia watoto wenye usonji shuleni. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini mtoto anafanya anayoyafanya, kisha kuwaelekeza walimu. Katika shule moja ya Mtopanga alikabidhiwa Mwanatatu, msichana wa miaka minane asiyesema, ambaye kila akipewa daftari alipiga mayowe na kung'ata watu. Mwalimu wake, Bi Kafedha, mama wa makamo, alikuwa akimbeba na kumtoa nje mpaka atulie.

Siku ya mkutano wa wazazi, mama mmoja aliuliza mbona mtoto yule habadiliki. Jerioth akasimama.

"Mwalimu ndiye anayemfundisha kupiga mayowe," akasema. "Akilia anabebwa, kazi inaachwa. Mtoto ameshajua."

Wazazi wakageuka kumtazama Bi Kafedha. Naye akainamisha kichwa, akawa anakaza leso yake kiunoni ingawa haikuwa imelegea.

Tangu hapo, Jerioth akiingia chumba cha walimu alijibiwa salamu kwa adabu zote, kisha mazungumzo yakakatika. Maelekezo yake yalipokewa na kuwekwa kando. Hakuna aliyembishia, wala hakuna aliyeyafuata. Ikawa hivyo hadi Mwanatatu alipomng'ata mwenzake mkono, damu ikatoka. Mwalimu mkuu, Bwana Changawa, akasema hali ikiendelea vile itabidi mtoto akae nyumbani. Jerioth akajilaumu. Maneno ameyatoa yeye, na anayeumia ni mtoto.

Akamfuata Bi Kafedha darasani wanafunzi walipokwisha kutoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nilikukosea."

Bi Kafedha aliendelea kupanga viti. "Ulinivunjia heshima mbele za watu, Jerioth. Radhi waniomba hapa, tusikiwe na viti?"

Jerioth akatoka.

Mkutano uliofuata aliomba nafasi.

"Mara iliyopita nilimlaumu Mwalimu Kafedha hapa mbele yenu," alisema, "na sikuwa nimemuuliza lolote. Darasa lake limejaa, hana msaidizi, na akimbeba yule mtoto ni ili wengine wasiumizwe. Nilimdhalilisha. Mwalimu, niwie radhi."

Mzee mmoja akaguna. Nyuma kule mtu akacheka. Jerioth akabaki amesimama, hajui aketi ama atoke.

"Nimesikia," akasema Bi Kafedha. "Kesho njoo darasani, ushinde na Mwanatatu."

Alikwenda. Hata saa nne haijafika, Mwanatatu akatupa daftari na kupiga mayowe, wenzake wakaanza kulia, na Jerioth, bila kufikiri, akambeba mbio hadi mlangoni. Hapo macho yake yakakutana na ya Bi Kafedha. Laiti angeweza kutoweka.

Mwalimu hakumcheka. "Mzito, eeh? Haya, mweke chini polepole. Sasa niambie, tungemfanyia nini kabla hajafika hapa?"

Wakaketi sakafuni wote watatu. Jerioth akapendekeza mtoto apewe kadi ya kuombea mapumziko. Bi Kafedha akasema kadi ataitafuna, afadhali kitambaa chekundu, ndicho akipendacho. Wakakubaliana kazi ipunguzwe. Akiinua kitambaa, apumzike kidogo, kisha arudi.

Mambo hayakunyooka mara moja. Jerioth mwenyewe aling'atwa. Lakini muhula ulipokwisha Mwanatatu alikuwa bado shuleni, na mayowe yalikuwa yamepungua. Katika chumba cha walimu, Jerioth alianza kusogezewa kiti.

Hata leo, akikutana na wazazi wale njiani, huwaamkia upesi akapita. Bi Kafedha aliwahi kumwambia watu wamekwisha kusahau.

"Na wewe, mwalimu?"

"Mimi bado," akasema. "Lakini njoo tumwandalie mtoto kazi yake ya kesho."