Mashine Haiwashwi Leo

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizofanya kazi, mwanangu, na siisimulii kwa kujisifu, maana nusu yake ni aibu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimepewa usimamizi wa karakana ya useremala hapa hapa Ng'ambo, Tabora, pamoja na ofisi ndogo yenye feni na mafundi saba niliopenda kuwaita "walio chini yangu". Jana ulipokuja kunieleza kwamba umepandishwa cheo, nilikusikia nawe ukisema hivyo hivyo. Kaa kidogo.

Tangu nipewe ufunguo wa ofisi ile sikushika randa tena. Nilivaa shati jeupe, nikawa naagiza. Aliyepasua mbao kwenye msumeno wa mashine alikuwa Paulo, mtu wa Lusu kule Nzega, mpole, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Asubuhi ile alikuja mlangoni akaniambia mkanda wa mashine unaruka na kinga ya msumeno imelegea. Nikamjibu kwamba madawati ya shule yanasubiriwa. Mchana akarudi.

"Bosi, njoo uone mwenyewe."

Sikuinua hata kichwa. "Paulo, kama unaiogopa mashine sema, nimweke mwenzako."

Akaenda kupasua. Haukupita muda nikasikia kishindo, halafu kelele za watu. Msumeno ulikuwa umeung'ang'ania ubao wa mninga na kuurusha nyuma kwa nguvu, ubao ukampiga Paulo mkono wa kulia. Nilipofika nilimkuta ameketi sakafuni kwenye unga wa mbao, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo.

Tulimkimbiza hospitali. Niliporudi, Mzee Hamisi, fundi aliyenifundisha kazi tangu siku ya kwanza, alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwamkia. Hakuitikia. Mtu wa Tabora anajua uzito wa mzee kuiacha shikamoo yako ianguke chini.

"Mashine ile umeigusa lini mara ya mwisho?" akaniuliza.

"Sijaigusa tangu nipewe ofisi, mzee."

"Basi usimwambie mtu kwamba Paulo ameumizwa na mashine. Umemuumiza wewe."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari, ya wateja na ya haraka ya kazi. Badala yake nikazima feni na kuifunga ofisi.

Kesho yake nilivaa ovaroli yangu ya zamani, nikalala chali chini ya mashine na kuifungua mwenyewe. Mkanda ulikuwa umechanika karibu nusu. Kinga ilishikwa na skrubu moja. Kila alichosema Paulo kilikuwa kweli, na ningekiona kwa dakika tano kama ningeinuka kitini.

Mwenye karakana akaingia na kunikuta pale chini.

"Toka huko! Nimekupa usimamizi, wewe unajipaka grisi kama kibarua? Washa mashine, kazi iendelee."

Nikasimama. Mwanangu, nyumbani nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Lakini nikasema, "Mashine haiwashwi leo. Wala kesho, mpaka mkanda na kinga vibadilishwe."

"Basi usimamizi nimekuvua."

"Uchukue. Haiwashwi."

Akamgeukia fundi mwingine, Juma. "Washa wewe."

Juma akamtazama, akaitoa penseli sikioni na kuiweka juu ya meza. "Mimi siwashi, bosi." Aliyefuata akasema vile vile. Ikawa zamu ya Mzee Hamisi. Alivuta kigoda akaketi mbele ya swichi, akaanza kunoa patasi yake taratibu, na hakuna aliyethubutu kumwambia apishe.

Siku ya tatu mkanda mpya uliletwa, na kinga. Usimamizi sikurudishiwa, alipewa shemeji wa mwenye karakana. Nilirudi kwenye meza ya randa na sijawahi kulijutia hilo hata siku moja.

Paulo alirudi mkono ukiwa umeunga vibaya kidogo. Nilimwomba radhi mbele ya mafundi wote, si pembeni. Akasema, "Siku nyingine nikikwambia, sikia." Hakuniambia zaidi ya hapo, na nilistahili zaidi ya hapo.

Sasa nisikilize. Watu uliopewa kazini hukupewa wakutumikie. Umepewa wewe uwatumikie, kazi yao ifanyike nao warudi kwao wazima. Anayekuletea tatizo mlangoni, inuka ukalione kwa macho yako. Ukikosea, kiri hadharani kama ulivyoamuru hadharani. Na akitokea mkubwa wako akakutaka umtie mtu hatarini ili kazi iende, mkatalie. Mkatalie usoni, kwa adabu, bila kurudi nyuma. Watasema umejishusha, huna msimamo wa kibosi. Waache waseme mpaka wachoke. Cheo chenyewe wanaweza kukuvua mchana mmoja, kama walivyonivua mimi. Heshima ya watu uliosimama mbele yao hawana pa kuishikia wakuvue.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe masikio mepesi na shingo ngumu mbele ya dhuluma, na wote utakaowaongoza awarudishe kwao salama kila jioni. Amina.