Hodi Ndani ya Kompyuta ya Mwanahawa

Tulikuwa tukiishi wanne nyumbani: mimi, mdogo wangu Mwanahawa, mdogo wetu wa kiume Idi, na Bi Riziki aliyepanga chumba cha uani. Nawataja mapema ili usije ukasema nimeota. Wote wako hai, nyumba ipo pale pale Ngamiani, na ukimuuliza kila mmoja peke yake atakwambia haya haya, isipokuwa Idi atatia chumvi kidogo.

Mimi ndiye mkubwa. Wazazi wetu walipotangulia nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule, nikawa napika vitumbua na kuwasomesha hawa wawili. Sijuti. Nasema hivyo ili ujue kompyuta si mambo yangu. Ninachojua ni kuiwasha, kuizima na kuisogeza mbali na mafuta.

Mwenye kuijua ni Mwanahawa. Alikuwa amepata watu wa kumpa kazi, wanaotengeneza programu ya kuandikia programu nyingine. Humo watu wengi hufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu yuko kwao, na kila mmoja anaona mwenziwe anaandika nini. Walimwambia: kwanza iandae kompyuta yako, programu yetu nzima ijengeke na isimame hapo kwako, na maneno yake uyatie kwa Kiswahili. Utuoneshe Ijumaa kabla ya magharibi. Ukishindwa, nafasi anapewa mwingine.

Kiswahili alikimaliza kwa siku moja. Kujenga, yaani kuviunga vipande vyake vifanye kazi pamoja, ndiko kulikomtesa. Vipande vinavyotakiwa ni vingi, hiki kinataka kile, na kile kinataka hiki lakini cha zamani. Siku tatu akawa anaamuru, mashine inahangaika, mwisho yanatokea maandishi mekundu. Alhamisi nilimsikia analia bafuni. Alifungulia maji nisimsikie.

Ijumaa adhuhuri Idi alikuwa msikitini, na Bi Riziki uani anachambua mchicha. Mwanahawa akaanzisha ujenzi upya, akaniambia, "Dada, nikalie hapa nikaswali. Maandishi yakisimama niite. Lakini usiguse kitu."

"Nitagusa nini mimi?"

Nikakaa. Maandishi yakashuka, yakashuka, yakawa mekundu, yakasimama. Nilitaka kumwita, nikaona bado yuko kwenye swala. Pembeni palikuwa na ukurasa wa programu yenyewe, ambao siku zote tatu ulikuwa mweupe mtupu. Sasa juu yake palikuwa na neno "Hodi", na chini ya neno hilo kitufe cha "Karibu". Maneno hayo aliyatia Mwanahawa mwenyewe. Mtu akitaka kuingia kwenye ukurasa wako, ndivyo programu inavyokwambia.

Sasa niambie, wewe uliyelelewa pwani, ukisikia hodi unafanyaje? Unamwacha mtu mlangoni? Nilisema "karibu" kwa mdomo, na mkono ukabonyeza.

Kikatokea kijiti chembamba cha manjano, kinapepesa. Cha Mwanahawa, nilikuja kuona baadaye, huwa na jina lake juu. Hiki hakikuwa na jina. Kikaandika: *Wenyewe hamjambo?*

Nikajibu kwa kidole kimoja: *Hatujambo. Nani mwenzangu?*

*Wa humu humu.*

Nilidhani ni wale watu wa kazi wanatania. Kikaandika tena: *Mdogo wako amechoka. Nimsaidie?*

*Msaidie*, nikaandika. Niamini, sikusita hata kidogo.

*Nawe utanisaidia?*

*Nikiweza.*

Hakuuliza tena. Mistari ikaanza kupita mbele yangu, kurasa ambazo sijawahi kuziona. Akasimama penye mstari mmoja, akaufuta herufi baada ya herufi, akaandika mwingine. Kisha akarudi pale tulipoongea: *Langu nitakudai wakati wake.* Kijiti kikatoweka. Ujenzi ukaanza wenyewe, ukashuka hadi mwisho bila wekundu wowote.

Mwanahawa alipomaliza kuswali alikuta programu imesimama, inafanya kazi. Akaitazama, akakaa chini.

"Nani kagusa?"

"Mwenzako wa kazini. Kabisha hodi, nikamkaribisha."

"Mwenzangu yupi? Dada, bando limeisha tangu asubuhi. Mashine hii haijaunganishwa na kitu." Akanionesha anwani ya ule ukurasa. "Hii haitoki nje ya kompyuta hii. Mtu wa nje hawezi kubisha hodi hapa. Labda awe yumo ndani."

Nikainuka, nikasogea mbali na mashine.

Idi aliporudi akacheka. "Yaani jini kasomea kompyuta, na mimi hesabu za darasa la saba zilinishinda."

Bi Riziki hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza, "Ulimuuliza anataka nini?"

"Sikumuuliza."

"Ukamwambia nikiweza?"

"Nilimwambia."

"Basi mwanangu, umeahidi usichokijua kwa usiyemjua."

Mwanahawa akaufuta ule mstari. Wekundu ukarudi. Akaurudisha, programu ikasimama tena. Kompyuta huweka kumbukumbu ya nani kaandika mstari upi, na penye mstari ule nafasi ya jina ilikuwa tupu. Alikaa nao hadi alasiri, anausoma, mpaka akaelewa kwa nini unafanya kazi. Ndipo akanunua bando akawaonesha. Walipomuuliza alipataje, akasema, "Nimesaidiwa na mtu wa nyumbani." Kazi akapewa, anayo hadi leo.

Mimi nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa. Akaniambia ahadi ni ahadi. Niulize ninachodaiwa, kikiwa cha halali nitoe, kikiwa cha haramu nikatae. Na pa kumuuliza palikuwepo: kila Ijumaa adhuhuri, Mwanahawa akiifungua programu ile, kwenye orodha ya waliomo huwa wawili: yeye, na nafasi isiyo na jina. Ijumaa moja nikaandika: *Unataka nini?*

*Bado.*

Ijumaa iliyofuata nikaandika lile lililokuwa likininyima usingizi: *Aliyekuahidi ni mimi. Mwanahawa na Idi hawamo.*

Kijiti kikatokea tena. Kisha: *Najua. Ndiyo maana nilingoja ubaki peke yako.*

Basi wewe unayesoma, karibu ni neno zuri, lakini tanguliza kuuliza ni nani. Na anayetaka kukusaidia, muulize kwanza anachotaka, hata kama unayemhurumia analia bafuni. Idi anataka tuhame. Nimekataa. Nikiwa hapa nina hakika siku akija kudai atanikuta mimi, si wao. Huu ni mwaka wa pili, na hajaniambia nimlipe nini.