Saa Kwenye Kifundo cha Mguu

"Shoga, hiyo saa yako inakuambia wakati au inakusemea kwa watu?"

Msusi, jirani wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo siku moja amesimama mlangoni na kitana mkononi. Fundi cherehani alicheka, akavuta kitambaa, akaendelea kushona. Wakati ule bado alikuwa na cha kuchekea.

Saa yenyewe ilikuja kwa posta pamoja na tableti. Aliyevituma ni binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyeko nchi ya mbali akiuza vitu hivyo hivyo katika duka kubwa la vioo. Na muuza chumvi hawezi kumwacha mama yake ale mboga isiyokolea.

"Mama, hii inafanya kila kitu," binti alimwambia kwenye kioo cha tableti, kwa sauti ile ile anayowapa wateja. "Inahesabu hatua zako, mapigo ya moyo, mpaka usingizi. Ukitoka nje, mimi huku naona."

"Na nikienda chooni?"

"Mama bwana!"

Wakacheka wote wawili. Fundi hakuvipenda vitu vile, ila alimpenda aliyevileta. Akavaa saa. Tableti akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, juu ya meza ya kukatia nguo. Akajifunza jambo moja tu: kitufe cha kijani kiko chini, kona ya kulia, ukikigusa mtoto anatokea. Mengine aliyaacha yalivyo, kama mtu aliyepewa nyumba ya vyumba vingi akalala kimoja.

Haikupita muda, lawama zikaanza. "Mama, mbona unakaa tu kutwa nzima? Saa inasema hutembei."

Neno hilo lilimchoma. Kutwa nzima anakanyaga pedeli, sare za shule zimejaa mpaka dirishani, jioni miguu inawaka moto, halafu aambiwe anakaa tu! Lakini saa ilikuwa mkononi, na mkono wa mshonaji hauendi mbali, unasindikiza kitambaa taratibu. Basi akakata kipande cha lastiki ya kiunoni, akaifunga saa kwenye kifundo cha mguu, akarudi kazini. Jioni ile binti alipiga kwa shangwe. "Hivyo ndivyo, mama! Umetembea kunishinda mimi!"

Ikawa mchezo wa majirani wawili.

"Leo umefika wapi, shoga?" msusi anauliza kupitia ukutani.

"Nimevuka mto, nimepanda mlima, nimerudi. Na kiti hakijapoa."

"Ukipita sokoni uniletee nyanya."

Kisha macho yakaanza. Yalianzia pembeni, kama mtu anayefunga mapazia polepole huku na huku. Fundi akawa anagonga bega kwenye fremu ya mlango aliouzoea miaka yote. Uzi ukawa haupati tundu la sindano. Mwalimu mmoja alirudisha shati la sare, akasema kwa upole, "Fundi, mtoto huyu mfuko wake utakaa mgongoni?" Wakacheka, lakini mwalimu hakuleta kazi nyingine.

Akaenda kliniki. Daktari alitazama kompyuta, akaandika, akasubiri kompyuta imjibu. Fundi alikaa pembeni kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa. Mwisho akaambiwa ni presha ya macho. Dawa itachelewesha tu, kilichokwenda hakirudi.

"Uso wa mtu nitauona mpaka lini?" aliuliza.

Hapo ndipo daktari alipougeuza uso wake kutoka kwenye kompyuta. "Mama, kama una mtu wako wa kumwona, mwone mapema."

Anaye. Na binti alikuwa amekwisha kuahidi kwamba likizo ijayo anakuja nyumbani. Fundi akaamua kuisubiri. Habari kama ile haiambiwi kioo. Atamwambia wakiwa wamekaa kwenye kitanda kimoja, ataushika ule uso kwa mikono miwili, autazame mpaka uingie ndani na kukaa. Alimwomba Mungu hilo tu. Hakuomba macho. Aliona kuomba vyote viwili ni kumchosha.

Shida ikabaki saa. Kazi zimekwisha, na miguu ikitulia saa itasema, na saa ikisema mtoto atauliza. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya sala yake aliketi kwenye cherehani, akatoa uzi, akaufungua mkanda wa gurudumu ili sindano isitembee, akakanyaga pedeli. Akakanyaga tu, bila kitambaa. Anayejua sauti ya cherehani anajua jinsi tupu inavyolia.

Msusi alijua. Akaja. "Unashona nini, shoga?"

"Nashona amani ya mtoto."

"Mwambie ukweli."

"Akija."

"Na asipokuja?"

"Usinitie kisirani, wewe mwanamke."

Juma lile lile tableti ikajisasisha yenyewe, bila kuomba ruhusa, na kitufe cha kijani kikahama kona. Fundi aligusa pale alipopazoea, ukapigwa muziki. Akagusa tena, mwanamume asiyemjua akaanza kumfundisha kupika. Akapapasa kioo chote kama anayetafuta ufunguo gizani, mtoto asitokee. Akainamisha kichwa mezani. Cherehani ikiugua inalia, ukafuata kilio ukajua pa kutia mafuta. Hiki kitu kikiugua kinang'aa vile vile. Ni nani huyo aliyekaa mahali, akala, akashiba, kisha akaona vema kuhamisha mlango wa mtu usiku asimwambie?

Siku ya pili binti akapiga mwenyewe, na msusi akaja kumgusia kitufe. Fundi aliona weupe, na kivuli katikati ya weupe.

"Mama! Ninakusoma hapa. Moyo safi, usingizi mzuri, hatua tele! Wewe mzima kuliko mimi."

"Namshukuru Mungu, mwanangu. Unafika lini?"

"Ndiyo nilitaka kukwambia. Kuna mwenzangu dukani, mama yake amelazwa, hali mbaya. Hakuwa na likizo. Nikasema, mimi wangu ni mzima, naona kila siku. Nikampa yangu. Mama, usinune. Mwakani nitakuja, Mungu akipenda."

Fundi hakununa. Amlaumu kwa lipi? Ni yeye aliyemfundisha kumwonea huruma mwenye shida. Aliuelekeza uso pale alipodhani kivuli kimekaa.

"Mama, unaangalia wapi? Angalia huku. Au kioo hicho ni kidogo? Nitakutumia kikubwa, na saa mpya. Ile mtu akianguka inapiga simu yenyewe."

Msusi alimbinya bega. Akambinya tena.

"Mwanangu," fundi akasema, "saa iko mguuni."

"Wapi?"

"Mguuni. Nakanyaga cherehani tupu. Kazi nimeacha. Macho yanakwisha. Daktari amesema hayarudi."

Msusi alidhani mtandao umekatika, akainama kutazama, akaona kwamba binti bado yupo na mkono umeziba mdomo.

"Tangu lini?" sauti ikatoka ndogo.

"Tangu nilipokuwa nakusubiri."

"Mama, mbona saa haikusema?"

"Haijui macho, mwanangu. Haikuniuliza."

Binti akaanza kulia. Akasema mwenzake amekwisha ondoka, yuko huko kwa mama yake. Akasema akitoka sasa kazi imekwenda, na kibali cha kukaa kimekwenda pamoja na kazi, atakuwa amerudi mikono mitupu kwa mama asiyeona. Alihesabu njia zote kwa sauti, na kila njia ikafungika. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Na yeye alizihesabu njia zile pamoja naye, akaona zimefungika.

"Niambie nifanye nini, mama. Nikutumie nini?"

Fundi akavuta kiti karibu na ule weupe.

"Usinitumie kitu. Niambie uso wako ukoje sasa. Anzia kwenye paji, ushuke polepole, na usikate simu."