Ayala Mmoja Ng'ambo ya Mto Murray

Mke wangu nilimwambia naondoka kwa sababu friza ni tupu. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu ya pili ilikuwa binti yetu Rehema.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, na hapa Sydney naendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ghalani. Kwa miaka mingi nimewinda ayala, mnyama anayefanana na swala lakini mwenye pembe za matawi, katika misitu iliyo nyuma ya milima ya magharibi. Nyama niliwagawia jamaa wachache wa pwani tunaoishi vitongoji vya Guildford na Fairfield. Kisha ukaja moto mkubwa, ukala msitu hadi mawe yakapasuka. Baada ya moto zikaja helikopta za kupunguza wanyama walioletwa kutoka nje, maana ayala si mzaliwa wa nchi hii na wengi humhesabu mharibifu. Sibishani nao. Ila mara tatu nilirudi pale, na mara zote tatu sikuona hata alama ya kwato kwenye tope.

Rehema ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wakati wa korona alishinda humo amevaa plastiki toka kichwani hadi miguuni, huku jamaa za wazee wamezuiliwa mlangoni. Akirudi nyumbani anaoga, anakula, analala. Maneno yakapungua hadi yakabaki ndiyo na hapana, tena kwa Kiingereza. Siku moja katika karantini alinikuta nimetandaza mezani ramani ya jimbo jirani la Victoria na fomu za leseni ya kuwinda huko. Leseni ya bunduki alikuwa nayo tangu zamani, nilipokuwa nampeleka kulenga shabaha. Alivuta kiti, akachukua fomu moja, akaijaza kwa jina lake. Sikumuuliza kitu. Niliogopa nikiuliza ataiacha.

Mwenzangu wa ghalani alikuwa ameniunganisha na shangazi yake, Bi Margaret, mjane mwenye shamba la ng'ombe chini ya milima ya Victoria. Mara mbili tulipanga siku, na mara mbili mpaka wa majimbo ukafungwa. Kila nilipompigia kuomba radhi alinijibu kwamba mlima hauendi popote.

Mwezi wa tano, Idi ilipopita na mpaka ukiwa wazi, tuliondoka Guildford baada ya sala ya alfajiri. Bunduki ilikuwa imefungiwa sandukuni, na nyuma ya pikapu tulipakia masanduku ya barafu. Rehema alishika usukani. Kutwa barabara ikanyooka mbele yetu, malisho huku na huku, kondoo wametapakaa kama pamba iliyomwagika. Saa nane mchana tulivuka mto Murray. Miezi kadhaa nyuma daraja lile lilikuwa na polisi na vizuizi. Siku ile hapakuwa na mtu, maji tu yanapita taratibu chini ya miti mikubwa. Rehema alipunguza mwendo, akautazama mto.

Saa kumi na moja jioni tulifika. Bi Margaret alitukaribisha jikoni kwa chai na mkate wa moto. Alituambia kwamba zamani aliwalaani ayala kwa kumaliza majani ya ng'ombe wake. Moto ulipopita bonde lote lilikaa kimya siku nyingi, hata ndege hakulia, na kiumbe wa kwanza aliyemwona akitembea juu ya majivu alikuwa dume la ayala. Tangu hapo hakuweza tena kuwalaani. Siku hizi wamebaki wachache upande wake, kwa hiyo ana sharti.

"Mmoja tu," alisema. "Na asiwe jike mwenye mtoto."

Nilimwahidi. Rehema naye akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya kwanza tulipanda na kijito. Sijawahi kuona msitu kama ule. Mashina yalikuwa meusi tii kama makaa, lakini kila shina lilikuwa limevaa majani mabichi toka chini hadi juu, kana kwamba mti umesahau matawi na kuamua kuota popote. Tuliona miti iliyochunwa maganda kwa pembe, tukaona na nyayo. Adhuhuri jike alitokea ng'ambo ya kijito, hatua themanini hivi kutoka kwetu. Nilinyanyua bunduki. Rehema akanigusa bega. Nyuma ya jike, katikati ya majani, masikio mawili madogo yalikuwa yakichezacheza. Nikaishusha. Jike akatoa mlio mmoja mkali kama honi ya gari, wakatoweka.

Siku ya pili, kulipopambazuka, ukungu ulikuwa umejaza bonde. Ilikuwa zamu ya Rehema kubeba bunduki. Tulikaa nyuma ya gogo tukisubiri, vidole vimekufa ganzi. Kisha ukungu ukapasuka, na pale kwenye maji alisimama dume mkubwa kama ng'ombe, manyoya ya shingo yamesimama, mvuke unamtoka mgongoni. Aliinua kichwa, pembe zikaenda juu na maji yakachuruzika kutoka kwenye ncha zake. Nimewinda tangu ujana, na nakiri kwamba wakati ule nilisahau nimekuja kufanya nini.

Rehema hakusahau. Nilimsikia akisema Bismillahi, kwa sauti ya chini. Mlio wa risasi ukazunguka milimani.

Dume aliruka, akaingia msituni. Tulingoja kidogo, kisha tukafuata damu, tone hapa, tone pale, karibu saa nzima, mimi nikiomba moyoni asije akateseka. Tulimkuta amelala kwenye majani ya mwituni, ubavu unapanda na kushuka, jicho wazi. Nilichomoa kisu. Rehema alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya shingo ya dume, na hakukiondoa wakati nachinja wala baada ya pale. Tulikaa hivyo hadi jicho likapoteza nuru.

Ndipo aliposema, kwa Kiswahili cha mama yake, "Hakufa peke yake, baba."

"Hakufa peke yake," nilimjibu.

"Na wale wazee nao. Niliwashika hivi hivi. Lakini nilikuwa na glavu."

Akalia. Nilimshika mwanangu, mikono yangu ikiwa na damu vilevile.

Kazi ya nyama ilitumaliza nguvu. Tulichuna, tukakata, tukabeba migongoni mara nne hadi kwenye pikapu, jua likawa limeinama. Bi Margaret alichukua ini na paja moja, akatushukuru kwa kutimiza sharti. Asubuhi yake tuliondoka. Safari nzima ya kurudi Rehema alizungumza. Alinihadithia bibi wa Kigiriki aliyemfundisha kuhesabu kwa lugha yake, na mzee aliyekuwa fundi saa, ambaye hadi wiki yake ya mwisho aliuliza kila saa ni saa ngapi. Tulivuka mto Murray anaongea, na sikumbuki hata maji yalikuwaje.

Nyama tuliigawa siku ileile. Ilikuwa ya mnyama mmoja, kila nyumba ikapata kidogo, na hakuna aliyenung'unika. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mahali ambapo wanyama bado ni wengi. Mahali hapo sikupapata. Nilijifunza tu kwamba mmoja, ukimtazama hadi mwisho, ni mkubwa kuliko unavyoweza kubeba.

Jumatatu Rehema alirudi kazini. Jioni aliporudi aliketi jikoni, mama yake akamwekea chai, naye akaanza kutusimulia habari za mzee mwingine.