Mkataba wa Dereva kwa Dada wa Mashine

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja ya Makanyagio. Mbele yangu alisimama mama mwenye mashine ya kusaga, pamoja na dada aliyekuja kuajiriwa naye, mtoto mchanga mgongoni. Mchapaji aliwatolea mkataba uliokuwa tayari kwenye kompyuta. Dada akasoma taratibu, akaweka kalamu chini.

"Mama, hapa wanasema nitatunza gari na kulala safarini. Mimi nanyonyesha."

Yule mama akauchukua, akausoma mpaka mwisho, akamrudishia mchapaji. "Huu ni wa dereva. Tuandikie wa kwetu. Andika atasaga mahindi, barakoa ya vumbi nitampa mimi, na mchana ataenda nyumbani kunyonyesha bila kukatwa mshahara."

Dada akapiga goti kidogo. "Asante, mama. Nilikotoka walinifukuza kwa sababu ya kunyonyesha."

Nami namshukuru mama huyo. Mkataba wa kunakili haumjui mtu unayemwajiri. Haki ya kunyonyesha dada alikuwa nayo kisheria, ila sasa imeandikwa, hataiomba kila mchana kama anayeomba hisani.