Kigoda cha Guka na Jumba la Zege

Harufu ya zege lililolowa hunichefua mpaka leo. Mvua ikinyesha huku kwetu chini ya mlima, jumba la bunge la kaunti hunuka kama gunia lililosahaulika nje.

Lilijengwa nikiwa darasa la tano. Mchoraji wake, bwana aliyeletwa kutoka mbali, hakutaka paa la mabati kama la watu wengine. Aliweka paa bapa, katika nchi ambayo hata banda la mbuzi lina mteremko. Kuta aliziacha bila rangi, na madirisha akayabana yakawa ya kuchungulia tu. Tukaambiwa huo ndio usasa, na mimi mjinga nikaamini.

Lilipokamilika, wakubwa wakagundua halina pa kuegesha magari. Kando yake palikuwa na migomba ya babu yangu, guka. Wananchi wakaalikwa kutoa maoni kuhusu kulichukua shamba hilo, na shule yetu ikaitwa kuimba.

Guka alifika amekumbatia kigoda chake cha miguu mitatu, jinsi wazee walivyokwenda barazani tangu zamani, kila mmoja na chake. Askari wa mlangoni akamzuia.

"Mzee, hiyo acha nje. Huko ndani viti ni mingi."

"Ukikalia kiti ya mtu," guka akamjibu taratibu, "utaongea maneno ya huyo mtu."

Askari akacheka, na wenzangu wa shule wakacheka. Guka akanijia.

"Wanja, weka hii kwa begi yako. Nyinyi watoto hawawasachi."

Begi lilikuwa na nafasi tele. Nilimwambia limejaa, kwa sababu nilimwonea aibu. Alikaa nje juu ya kigoda chake mpaka kikao kikaisha, na ndani ikaandikwa kwamba mwenye shamba hana pingamizi.

Siku hizi nimeajiriwa humo humo, kuandika yanayosemwa. Mvua ikija tunapanga ndoo katikati ya waheshimiwa. Nao husimama mmoja baada ya mwingine kusoma hotuba waliyoandikiwa na mtu mmoja, hata makosa ni yale yale, kisha wanarudi kwenye viti vyao vya ngozi wakiwa wameridhika kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa guka alikataa nini. Utotoni nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Gari langu naliegesha palipokuwa na migomba yake. Kigoda alichoniachia kimo ndani ya buti la gari. Sijakikalia hata siku moja, maana kila nikikitoa nakumbuka begi langu lilivyokuwa tupu.