Wifi Ananihoji Dukani
Wifi yangu ni daktari, sasa anaomba kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Juzi, dukani kwetu Kariakoo, akanifanya mgonjwa ili ajizoeze kuhoji. Mama mkwe akaguna, "Nani atamwoa daktari wa vichaa?" Tukacheka mpaka majora ya vitenge yakaanguka.

"Unalala, wifi?"

"Nalala wapi! Usiku kucha naweka kidole chini ya pua ya mwanangu mchanga nione kama anapumua, nacheka hapa lakini naogopa, wifi, naogopa!"

Akafunga daftari. "Haya si mazoezi tena. Kesho twende kliniki, utasaidiwa."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, jinsi nilivyopata nafuu! Mama mkwe akavuta kiti karibu na wifi. "Mwanangu, mimi sijalala vizuri tangu baba yako afariki. Usimwambie mtu."

Wifi akaapa. Nami nikaapa: zaidi yenu wasomaji, simwambii mtu mwingine.